Vitabu Vitatu na Ndoo Moja ya Bia

Watu walimwita Mama Kimya, na wala hakuchukia. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amekaa nyuma ya meza ndefu ya mbao mlangoni mwa maktaba ya manispaa, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, kidole kimoja kikiwa karibu na midomo muda wote, tayari kwa kazi. Kukohoa alikuruhusu mara mbili. Ya tatu alikutazama. Ya nne ulitoka mwenyewe bila kuambiwa.

Lakini ukali wake ulikuwa wa kelele tu. Ukimwendea kumuuliza kitabu, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa miwani, akakuuliza unakitakia nini, utakisomea wapi, una haraka kiasi gani, kama vile daktari anayetaka kujua maumivu yalianza lini. Na kama hakuwa na uhakika, alikuambia urudi wiki ijayo.

Uangalifu huo ulitokana na sungura. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuja mama mmoja kuomba kitabu cha ufugaji wa sungura. Mkutubi wetu alinyoosha mkono rafuni, akachomoa kitabu chenye jalada la kupendeza, akasema, "Hiki ndicho kizuri kuliko vyote." Hakuwahi kukifungua. Baada ya miezi mitatu yule mama alirudi, akakiweka mezani taratibu, akafungua ukurasa wa arobaini, akaonyesha kwamba unaoufuata ni wa sitini na moja. Kurasa zilizochanwa ndizo zilizokuwa zikieleza magonjwa.

"Sungura wangu wote wamekufa," alisema. "Lakini jalada ni zuri kweli."

Tangu siku hiyo Mama Kimya alikula kiapo kwamba hatapendekeza kitabu cha kazi yoyote ya mikono mpaka akijaribu mwenyewe. Na tangu siku hiyo mumewe hakuwa na raha kamili.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole mwenye mabega mapana, ambaye mkewe alimwita Baba Mapacha kwa sababu ya watoto wao wawili waliokwisha kuwa watu wazima na kuondoka. Nyumba yao ilikuwa imejaa ushahidi wa vitabu. Kulikuwa na kiti kilichotokana na kitabu cha useremala, ambacho wageni walionywa wakikalie upande wa kushoto tu. Kulikuwa na sweta yenye mkono mmoja uliofika kwenye kiganja na mwingine uliofika gotini. Kitabu cha unyozi kilijaribiwa juu ya kichwa cha Baba Mapacha siku mbili kabla ya harusi ya binamu yake, na kwenye picha zote za harusi ile amevaa kofia.

Basi Jumatatu moja asubuhi, saa tatu juu ya alama, akaingia fundi saa.

Alikuwa mzee mwembamba, nadhifu, aliyekuwa amefunga kibanda chake cha kutengeneza saa baada ya macho kupungua nguvu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama juu ya meza.

"Nataka kujifunza kupika bia," alinong'ona.

"Bia?"

"Bia. Ya nyumbani, ya kunywa mwenyewe. Nimestaafu, mikono inaniwasha, na daktari ameniambia nitafute shughuli inayotaka uvumilivu."

"Daktari ndiye aliyesema bia?"

"Daktari alisema uvumilivu. Bia nimeongeza mimi."

Mama Kimya aliandika neno bia kwenye karatasi, akalipigia mstari. Hapo palikuwa na tatizo. Yeye bia hakunywa. Aliionja mara moja tu maishani, kwenye harusi ya dada yake, akaitema kwenye chungu cha maua, na kila alipokwenda kwa dada yake baadaye aliliangalia lile ua kwa kulionea huruma. Hata nyumbani kwake haikuingia. Baba Mapacha alipooa aliambiwa kwamba harufu ile na yeye haviwezi kulala chumba kimoja, achague. Akachagua. Kiu yake aliimaliza huko huko alikofunga mabomba, akarudi nyumbani akitafuna karafuu.

"Nipe muda nivisome kwanza," alimwambia fundi saa.

"Muda gani?"

"Sijui. Njoo uulize."

Kumwambia fundi saa "sijui" kuhusu muda kulikuwa kama kumkanyaga kidole. Alitoa daftari dogo mfukoni. "Nitakuja kila Jumatatu, saa tatu," alisema, akaandika.

Vitabu vilikuwa vitatu, na kila kimoja kilikuwa kwenye rafu yake, kwa sababu kila mkutubi aliyemtangulia alikuwa na maoni yake kuhusu bia ni kitu gani. Cha kwanza, kinene kama tofali, alikikuta kwenye kemia. Cha pili, kijitabu cha kurasa sitini chenye madoa ya mafuta, kilikuwa kwenye mapishi. Cha tatu kilikuwa kwenye rafu ya afya, kimebanana na kitabu cha jinsi ya kuacha pombe. Hicho cha jirani yake kilikuwa kipya kabisa.

Alivibeba vyote nyumbani, akavipanga mezani. Baba Mapacha alitoka kuoga, akasoma majalada moja baada ya jingine, akakaa upande wa kushoto wa kiti.

"Mama Mapacha," alisema, "miaka ishirini na sita hujaniruhusu nilete hata chupa moja ndani ya nyumba hii."

"Hii si ya kunywa. Hii ni ya kazi."

"Na ikishaiva?"

"Utaionja. Lazima mtu aonje, mimi siwezi."

Baba Mapacha alivisogeza vile vitabu, akavilinganisha. Alikuwa ameonjeshwa mengi kwa ajili ya maktaba: sabuni ya kienyeji kwa bahati mbaya, uyoga wa kujiotesha kwa woga mkubwa. Mara hii alijitahidi sana uso wake usionyeshe kitu.

"Ikiwa ni kazi," alisema, "sina neno."

Kile kinene kilikuwa kimeandikwa na profesa. Kurasa tisini za kwanza zilihusu maji. Mama Kimya alizisoma zote kwa siku nne, akajua habari za chokaa na chumvi zilizomo kwenye maji kuliko mumewe aliyeyafungia mabomba maisha yake yote, na bado hajafika kwenye kimea. Kimea ni nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, na bila hiyo hakuna bia, lakini profesa aliitaja kwa mara ya kwanza ukurasa wa mia na tatu, tena kwenye maelezo madogo ya chini.

Kile kijitabu kilikuwa cha mwanamke fulani mchangamfu, aliyepigwa picha katika kila hatua akiwa na aproni safi na tabasamu lile lile. Alieleza vizuri, maneno machache, ungefikiri yupo jikoni nawe. Kasoro yake ilikuwa moja: hakupenda namba. "Tia kimea cha kutosha." "Acha kidogo." "Ukiona inatosha, epua." Mama Kimya alimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, kama mtu anavyompenda na kumkasirikia wifi yake.

Cha tatu kilikuwa tafsiri. Aliyekitafsiri alikuwa mtu mwenye bidii, lakini neno la hamira lilimshinda. Ukurasa mmoja aliiita hamira, mwingine chachu, na kuanzia sura ya tano akaamua kuiita mdudu. "Mwamshe mdudu kwa maji ya uvuguvugu," kiliagiza. "Akishatoa povu, mmwage ndooni. Mfunike, na usimsumbue kwa wiki mbili." Baba Mapacha, aliyeanza kusoma kuanzia sura hiyo ya tano, alikwenda uani na tochi kumtafuta mdudu wa namna hiyo, mpaka mkewe alipomwita arudi.

"Kumbe ni hamira," alisema, amefadhaika kidogo. Alikuwa ameshapata wawili.

Vifaa viliagizwa kwa posta kutoka duka moja la waoka mikate: mfuko wa kimea kilichosagwa, pakiti ya hamira ya bia, na bahasha ya maua ya hopsi, mimea mikavu ya kijani inayoipa bia uchungu wake. Jumamosi asubuhi jiko likawashwa. Mama Kimya aliweka vitabu vyote vitatu wazi juu ya kabati, akavibana kwa vijiko, akafuata kila kimoja pale kilipokuwa na akili kuliko vingine. Profesa alimpa joto la maji ya kulowekea kimea, nyuzi sitini na saba, saa nzima. Yule wa aproni alimwonyesha jinsi ya kuchuja machicha kwa kitambaa bila kujichoma. Maji ya kimea yaliyopatikana, matamu kama uji wa sukari, yakachemshwa na hopsi saa nyingine nzima, na nyumba ikajaa harufu ambayo hakuitegemea hata kidogo: ya mkate na majani yaliyokatwa. Mama Kimya alisimama na mwiko mkononi.

"Hainuki bia," alisema.

"Bado," Baba Mapacha alimtuliza.

Maji yalipopoa na hamira kumwagwa ndooni, kazi ya Baba Mapacha ilikuwa ya bomba. Alitoboa kifuniko cha ndoo, akapitisha mrija wa mpira, akaubana usivuje, na ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke bila uchafu kuingia. Ilikuwa kazi safi. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ikabaki mahali pa kuiweka. Na hapo vitabu vitatu, ambavyo havikuwa vimekubaliana jambo hata moja tangu mwanzo, vilisema kwa sauti moja: penye giza, penye ubaridi, pasipopita watu. Nyumba yao ilikuwa ya mabati. Kufika saa sita mchana hata sabuni ililainika. Jumapili nzima Mama Kimya alizunguka na kipimajoto, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya kabati la nguo, na kila mahali kilimjibu vibaya. Mahali penye giza na ubaridi alipopafahamu palikuwa pamoja tu hapa duniani, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mkoba wake.

Jumatatu alfajiri ndoo iliingia stoo ya magazeti ya zamani kwa mkokoteni wa Baba Mapacha, imefunikwa shuka. Juu yake Mama Kimya alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mzuri wa kikazi: GUNDI YA VITABU. USIFUNGUE. Hakuwahi kudanganya kazini, na herufi zilitoka zimepinda kidogo.

Fundi saa alipokuja saa tatu kuuliza, aliambiwa kazi inaendelea.

Siku hiyo hakikusikika kitu. Jumanne, kama saa nne hivi, chumba cha kusomea kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungini. Muuguzi mmoja alikuwa akijiandaa kwa mtihani wake. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha madaftari. Na kwenye meza ya pembeni, kando ya mlango wa stoo, alikaa Mzee Gazeti kama kawaida yake.

Mzee Gazeti alikuwa amekuja kila siku kwa miaka kumi na moja, saa tatu mpaka saa saba. Alianza na kurasa za vifo, akamalizia na za michezo, akakunja magazeti vizuri kuliko alivyoyakuta. Hakuwahi kuazima kitabu. Hakuna aliyejua alifanya kazi gani zamani, na katika chumba kile kuuliza kungekuwa kuvunja sheria.

Kutoka upande wake ikasikika: *bluku*.

Muuguzi aliinua kichwa. Mwalimu aliinua kalamu. Kimya. Wakarudi kwenye kazi zao. *Bluku*, ikasema tena, kwa sauti nzito, ya ndani, kama ya mtu aliyekula maharagwe na sasa anayajutia. Kisha zikafuatana mbili. Macho yote yakaenda kwa Mzee Gazeti, yakaondoka haraka kwa adabu, yakarudi.

Mama Kimya, nyuma ya meza yake, alitokwa na jasho jembamba. Alijua mara moja. Kitabu cha profesa kilikuwa kimeeleza habari za mapovu kwa kurasa kumi na nne na hakikusema popote kwamba yana sauti.

Kufika saa tano ilikuwa inatoka kila baada ya pumzi tatu. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuweza kujizuia, alikuwa ameanza kuihesabu pembeni mwa daftari la mtoto wa watu. Muuguzi alisimama, akaenda taratibu, akaweka vidonge viwili mbele ya mzee.

"Shikamoo mzee. Hivi unamung'unya baada ya kula. Vinasaidia."

Mzee Gazeti aliviangalia vile vidonge. Akaangalia mlango wa stoo. Kisha akavipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba, binti yangu. Ahsante sana."

Hapo ndipo Mama Kimya alipaswa kusimama na kusema. Hakusimama. Alijitia kupanga kadi. Alipanga kadi mpaka saa saba, na mzee alipopita mbele yake akitoka, akamwinamishia kichwa kama siku zote, alijiona mdogo kama nukta.

Jioni ile walikaa kula. Baba Mapacha alimtazama mkewe akilizungusha tonge.

"Si umwambie tu," alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba tumbo analosingiziwa ni langu?"

"Ni letu sote wawili. Mrija ni wangu."

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Wasomaji walihama meza za karibu na stoo, na Mzee Gazeti akabaki peke yake kama mtu mwenye tetekuwanga, akisoma, *bluku*, akigeuza ukurasa, *bluku*. Mtu fulani asiyejulikana alimwachia ndizi mbivu. Mzee aliila.

Alhamisi mkuu wa maktaba akaja. Alikuwa mwanamke aliyezidiwa na Mama Kimya kwa miaka ishirini, na kila alipotaka kumpa amri alianza na shikamoo, na baada ya shikamoo amri haikupata pa kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimeletewa malalamiko. Yule mzee wa magazeti. Wanasema tumbo lake... Naomba umwambie kwa upole apumzike nyumbani mpaka apone. Wewe utajua maneno ya kutumia."

Mama Kimya alisimama. Alitembea mpaka katikati ya chumba, mkuu akimfuata nyuma, na wasomaji wakadhani anakwenda kumfukuza mzee wa watu. Alipofika mbele ya ile meza alivua miwani. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili, aliongea ndani ya chumba kile kwa sauti ya kawaida, sauti ya sokoni.

"Si tumbo la mzee," alisema. "Ni bia yangu."

Ndoo ikathibitisha: *bluku*.

"Nimeipika nyumbani, nimeiweka stoo, nikaandika gundi. Jumanne nilimwona mzee akipewa dawa ya tumbo ambalo haliumwi, nikanyamaza. Mzee wangu, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, maana mbele yao ndiko ulikoaibishwa."

Mzee Gazeti alikunja gazeti mara mbili, akalilaza.

"Nilijua tangu Jumanne," alisema.

"Ulijua?"

"Mama, mimi nimefanya kazi kiwanda cha bia miaka thelathini na moja. Chumba cha mapipa. Sauti hiyo nimeisikia kuliko sauti ya mke wangu, Mungu amrehemu, naye alikuwa msemaji."

"Sasa mbona hukusema, ukaacha watu wakufikirie vibaya?"

"Ningesema ungeiondoa." Alitazama mlango wa stoo. "Sikuwa nimeisikia tangu nilipostaafu. Nikaona, hata wakinidhania nini, nikae nayo kidogo." Kisha sura yake ikabadilika, ikawa ya mtu wa kazi. "Lakini inakwenda mbio mno. Inahema. Ndoo umeiegemeza ukuta gani?"

"Wa magharibi."

"Basi. Jua la mchana lote linapiga ukuta ule. Ivute katikati, uizungushie taulo lililoloa."

"Profesa hakusema habari ya ukuta," Mama Kimya alisema.

"Profesa gani?"

"Mimi naomba kuuliza," alisema mkuu wa maktaba, ambaye mpaka hapo alikuwa amesahaulika. "Ina maana kuna bia ndani ya maktaba yangu?"

Wakaingia stoo wote watatu, na muuguzi na mwalimu wakachungulia kwa nyuma. Mkuu alisoma karatasi, akainusa ndoo.

"Gundi hii inanukia mkate," alisema. "Mama, jambo hili ni halali kweli?"

"Kupika ya kunywa mwenyewe nyumbani, ni halali. Sheria ipo rafu ya nne, nilishaiangalia."

"Hapa si nyumbani."

"Nyumbani kuna joto, mwanangu."

Uamuzi ulikuwa kwamba ndoo itoke kabla ya saa kumi, na Mama Kimya apewe barua ya onyo. Kwa kuwa anayepiga chapa barua zote za ofisi alikuwa yeye, aliletewa rasimu mezani. Ilikuwa na makosa matatu ya sarufi. Aliyasahihisha, akaongeza sentensi moja kuhusu kumwaibisha msomaji, ambayo mkuu hakuwa ameifikiria, akaipiga chapa, akaipeleka isainiwe, akajikabidhi nakala na nyingine akaitia kwenye jalada lake. Alikiri baadaye kwamba ilikuwa barua nzuri.

Ndoo ilihamia kwa Mzee Gazeti, alikoishi na dada yake kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene na sakafu ya saruji. Chumba kilichokuwa cha mkaa kilifagiliwa na kuoshwa mara mbili. Dada mtu alikubali kwa sharti moja, kwamba kaka yake aache kumweleza habari za kiwandani wakati wa kula. Kila alasiri Mama Kimya akitoka kazini alipita kuangalia, mumewe naye akapita kuangalia kama mkewe amepita. Bia ikatulia. Ikamaliza kuchachuka, ikatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo ya kuipa povu, ikaachwa wiki mbili nyingine.

Wakati huo wote fundi saa alifika kila Jumatatu, saa tatu juu ya alama, akauliza, akaandika, akaondoka. Ya mwisho aliambiwa aje Jumapili, saa kumi, nyumbani.

Walikaa uani: fundi saa, Mzee Gazeti, Baba Mapacha aliyevaa shati la kutokea, na Mama Kimya mwenye daftari. Chupa ya kwanza ilifunguliwa, ikatoa pumzi, ikamiminwa. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi, na povu likapanda likakaa. Mzee Gazeti aliiinua kwenye mwanga, akanusa, akanywa, akafumba macho. Wote walimsubiri.

"Ni bia," alisema hatimaye. "Ina ladha ya karafuu kidogo, kwa ajili ya lile joto la siku za mwanzo. Kiwandani ningeimwaga. Hapa, nimiminie tena."

Baba Mapacha alikunywa yake yote, akaweka glasi chini. "Sasa nikirudi nimekunywa nje," alimwambia mkewe, "hutaijua kwa harufu. Karafuu imo humo humo." Mama Kimya akamgeukia taratibu, na ndipo mumewe alipoelewa kwamba kwa miaka ishirini na sita mkewe alikuwa akijua.

Mama Kimya mwenyewe alionja, maana kiapo ni kiapo. Aliishikilia mdomoni, uso ukajikunja kama karatasi, akatafuta chungu cha maua, hakukiona, akameza. Kisha akaandika: *Mbaya kama ile ya harusini. Kwa hiyo imefaulu.*

Jumatatu fundi saa alipokea orodha yake, imepigwa chapa, ukurasa mmoja. Kitabu cha profesa kilipendekezwa kwa joto na vipimo peke yake, msomaji aruke kurasa tisini za mwanzo bila kujilaumu. Kijitabu cha mapishi kilipendekezwa kwa anayeanza, ila kila penye neno "kidogo" aongeze saa na kalamu. Kile cha tafsiri kisipewe mtu aliye peke yake nyumbani. Vyote vitatu, iliandikwa, havitaji ukuta wa magharibi wala sauti. Na kwa lolote lisilomo vitabuni, aulizwe mzee wa meza ya magazeti, kila siku isipokuwa Jumapili, saa tatu hadi saa saba, haazimwi.

Jambo hilo la mwisho lilileta vurugu. Fundi saa aliwaambia wenzake, wakaja, na Mzee Gazeti akawa na wanafunzi watano wakimnong'oneza maswali juu ya kurasa za vifo. Kichwa kilimvimba kidogo. Upishi wa pili akasema hauna haja ya kitabu chochote, atauongoza yeye kwa kichwa chake. Wakapika kwake, wote, siku nzima.

Haikunyweka. Ilikuwa chungu kiasi kwamba hata Baba Mapacha, aliyenywa mara moja kwa heshima, aliomba maji. Walikaa wakaitafakari mpaka fundi saa, aliyeandika kila kitu, akaonyesha kilipo kisa. Mzee Gazeti miaka yote thelathini na moja alikuwa amepika lita elfu ishirini kwa mpigo. Hakuwahi kupika ndoo ya lita kumi. Aligawanya vitu vyote vizuri, ila hopsi alizigawanya kwa elfu mahali pa elfu mbili.

Wiki iliyofuata Mzee Gazeti hakuenda moja kwa moja kwenye meza yake. Alisimama mbele ya Mama Kimya, kofia mkononi.

"Mama," alisema, "kile kijitabu cha yule mwenye aproni. Kipo?"

"Kipo. Lakini kukiazima lazima uwe mwanachama."

"Nifanye mwanachama."

Alimjazia fomu. Jina, mtaa, nambari ya nyumba. Alipofika mahali pa kuandika kazi aliinua macho, kalamu ikingoja. Mzee alifikiri muda mrefu, watu wawili wakapanga foleni nyuma yake.

"Acha wazi kwanza," alisema. "Nikishapika ndoo moja ikanyweka, nitakuja uijaze."

Mama Kimya alipiga mhuri wa tarehe ya kurudisha, akamkabidhi kijitabu kwa mikono miwili.